Jiko Lililoinama Kushoto

Fundi wa majiko hakugusa jiko la mtu kabla ya kuuliza jana kulipikwa nini. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi, sanduku lake la bati limeegemea mguu, akimsubiri mama mwenye nyumba.

“Jambo yenu, mama. Jana mulipika nini?”

“Bukari.” Ndivyo tunavyoita ugali.

“Bukari na nini?”

“Na sombe, Papa.” Yaani kisamvu.

“Sombe ya mawese ao ya karanga?”

Hapo wanawake wengi walianza kununa, kwani nani anapenda kuhojiwa kuhusu sufuria yake na mwanamume aliyeitwa kutazama waya? Mimi mwenyewe nilimwona mmbea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mawese yakifurika hupita chini ya sahani ya kupikia na kugandia kwenye waya, ilhali karanga huungua juu na kutoa harufu tu. Akishajibiwa, alitandika kipande cha gunia sakafuni, akapiga magoti mbele ya jiko, na mara nyingi alijua ugonjwa kabla hajafungua skrubu hata moja.

Hapa Likasi wengi wetu tulikulia kwenye majiko ya umeme. Nyumba za kampuni zilijengwa zikiwa na waya tayari, na wazazi wetu walipikia umeme wakati miji mingine inapuliza moto. Siku hizi umeme unakuja ukitaka, migodi inaumeza wote, na kila nyumba ina mbabula yake, jiko la makaa, nje ya mlango. Lakini majiko yale mazito bado yapo jikoni, mengine yana umri mkubwa kuliko sisi tunaoyapikia, na kwa miaka mingi mtu wa kuyatibu alikuwa mmoja tu.

Naandika juu yake kwa sababu jiko ninalopikia lilikuwa lake. Alikuja kulitengeneza kwa zaidi ya miaka ishirini na mimi sikujua. Nilipojua, nilitaka kitu kimoja tu, kumrudishia kabla hajafa. Nilimrudishia kweli. Namna nilivyomrudishia ndiyo inayoninyima raha.

Alikuwa mrefu, mkavu, na vidole vyake vilikuwa na alama za kuungua kila mahali, tena hakuvionea haya. Watoto wa mtaani walimwita Papa Rezistansi, kwa sababu mfukoni mwake hazikukosekana nyaya za kutia joto zilizokatika, na zikigongana ungemsikia kabla hujamwona. Aliwafukuza wakimwita hivyo, kisha akawaita warudi awaonyeshe waya una misokoto mingapi. Alisali kanisa moja na sisi, akikaa benchi la mwisho, na aliondoka kabla ya matangazo. Sikumwona akila nyumbani kwa mtu. Chai alikunywa, tena yenye sukari ya kutisha.

Kazi yake halisi, ile aliyoipenda kuliko kutengeneza, ilikuwa kujua umri wa jiko. Akifikishwa mbele ya jiko lolote, alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake. Alianza na miguu. Miguu iliyopinda, yenye umbo la mguu wa kiti, ilikuwa ya zamani kuliko yote, ya nyumba za Wazungu wa kwanza. Kisha rangi: maziwa yenye ukingo wa kijani ilitangulia, nyeupe tupu ilifuata. Kisha sehemu ya kupikia. Kama waya uko wazi, umelazwa ndani ya mifereji ya udongo uliochomwa, jiko ni bibi kizee. Kama kuna sahani ya chuma iliyofunikwa kabisa, ile tunayoita plaque, ni mama mtu mzima. Kama ni bomba jembamba lililozungushwa, yeye aliliita binti, na alilitazama kwa dharau kidogo. Alipapasa vitufe vya kuzungusha, akavigonga kwa ukucha kusikia kama ni vile vyeusi vizito vya zamani au plastiki. Alinusa mlango wa tanuri. Mwisho kabisa alizunguka nyuma kutazama skrubu, na hapo ndipo alipotoa hukumu.

“Bati ya jina banaweza kubadilisha,” alisema. “Rangi banaweza kupaka. Visi, hapana. Hakuna muntu anapoteza wakati kudanganya na visi.”

Visi ni skrubu. Zenye mfereji mmoja kichwani zilikuwa za zamani. Zenye msalaba zilikuja baadaye. Akikuta msalaba kwenye jiko la miguu iliyopinda, alikasirika waziwazi, kwa kuwa maana yake mtu mwingine ameingiza mkono.

Mfanyabiashara mmoja wa hapa alileta jiko kutoka Lubumbashi, jeupe, linang'aa, akaita majirani walione. Alisema ni jipya. Fundi aliitwa kulifungia waya tu. Alizunguka nyuma, akakohoa, akaomba kitambaa. Akasugua kona moja mpaka rangi nyeupe ikatoka, na chini yake kukaonekana rangi ya maziwa na ukingo wa kijani.

“Patron,” alisema mbele ya watu wote, “hii iko mukubwa kwako. Uiamukie.”

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yule bwana hakumwita tena, na fundi hakujali. Kuhusu umri wa jiko hakuwa na heshima kwa mtu yeyote.

Ila mara moja nilimsikia akidanganya. Ilikuwa kwa mama mmoja mjane, jirani yetu, ambaye mumewe alimpa jiko siku ya harusi yao na kumwambia amemnunulia jipya dukani. Nilikuwa nimempeleka fundi huko mimi mwenyewe. Nilisimama nyuma ya jiko pamoja naye, na kwa kuwa nilishajifunza kidogo, niliona wazi: skrubu za aina mbili, waya uliovikwa kitambaa umeunganishwa na wa mpira, mashimo ya kipini cha kwanza yamezibwa. Jiko lile lilikuwa limepikia nyumba nyingine miaka mingi kabla ya harusi. Mama alikuwa upande wa pili, ameshika kanga yake, akiuliza, “Papa, ilikuwaka ya mupya, haiko vile? Bwana yangu aliniambia.”

Fundi alinitazama ili ninyamaze. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia kwake, “Ilikuwa ya mupya, mama. Mupya kabisa. Bwana yako alifanya muzuri.”

Tulipotoka nje nilimtania kwamba leo visi zimedanganya. Hakucheka. Alisema mambo ya visi ni ya nyuma ya jiko, na mama yule yuko mbele. Naikumbuka sauti ile kuliko maneno yenyewe, na kuna sababu.

Jambo lingine ambalo watu walimcheka: yeye mwenyewe hakuwa na jiko la umeme. Alikaa chumba kimoja upande wa Kakontwe, ambako vumbi jeupe la machimbo ya chokaa linatua juu ya kila kitu, na alipikia makaa kwenye mbabula iliyotoboka. Zamani, watu walipoondoka mjini, waliacha majiko mengi. Angeweza kuokota mawili matatu, akayaunganisha, akapata moja zuri. Alipoulizwa, alijibu, “Nilikuwaka na yangu.” Hatukuuliza zaidi. Tulidhani liliharibika.

Sasa nirudi kwenye siku ya kwanza aliyoingia kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na saba hivi, baba alikuwa ameshafariki, na tanuri la jiko letu lilikuwa halishiki moto. Mtu alituambia kuna fundi aliyerudi kutoka Kasai, mkono wake ni mzuri. Alifika mchana. Mama alikuwa mezani anachagua maharagwe. Fundi alisimama mlangoni na kofia yake, akatazama jiko, na hakuuliza tulipika nini. Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara pekee aliyosahau swali lake, na wakati ule sikuweza kujua kwamba amelisahau.

Alikwenda moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya sahani zile nne, moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya mbele upande wa kushoto akakawia. Ilikuwa imeinama, tuliizoea hivyo.

“Hii jiko ilipikiwa na mama wa mukono ya kushoto,” alisema. “Kusonga bukari kila siku, kila siku, anakandamiza upande yake. Plaque inamufuata.”

Mama aliinuka. Maharagwe yalibaki mezani nusu yamechaguliwa, akasema ana maombi kanisani, akatoka. Fundi akanigeukia.

“Weye unasongaka na mukono gani?”

“Ya kuume, Papa.”

“Basi haiko weye.”

Nikacheka. Nilikuwa msichana, nikaona ni maajabu ya mtu anayeweza kusoma mkono wa mpishi kwenye chuma.

Tangu siku ile alikuja kila jiko lilipougua, na hata lisipougua. Nilipoolewa, kisha mume wangu akaenda Kakanda kutafuta kazi ya mgodi na kuanzisha nyumba nyingine huko huko, nilirudi kwa mama na watoto wawili. Nilifundisha shule ya msingi asubuhi na mchana nikaoka keki za komunio. Lile tanuri lilitulisha. Fundi alilitunza vizuri kuliko jiko lolote mjini. Alibadilisha nyaya, akapachika kipini kutoka kwenye jiko lililokufa, akaweka vipande vya bati chini ya miguu mpaka kiputo cha kipima usawa chake kikatulia katikati. Alikuwa mkali sana juu ya usawa. Jiko lililoinama, alisema, linaunguza keki upande mmoja na kumfanya mama mpishi aonekane mjinga. Lakini ile sahani ya kushoto hakuinyoosha.

“Papa, na hii?”

“Hii tuiache vile.”

“Mayai yote yanakimbilia kona!”

“Na weye ukimbie nayo.”

Tulirudia maneno hayo kila mara, mpaka yakawa salamu yetu. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee. Na kila mara alipokuja, mama alipata safari: sokoni, kanisani, kwa mgonjwa. Nilidhani hampendi kwa sababu ni wa Kasai, na nilimwonea haya mama yangu kwa hilo. Ningejua, ningeona haya zaidi.

Habari za mkewe alinipa siku moja ya mvua, umeme ukiwa umekatika, tukingoja urudi ili ajaribu waya aliofunga. Hakuitafuta hadithi hiyo, ilimtoka tu.

“Bibi yangu alibakia ku gare,” alisema.

Kwa asiye wa hapa, niseme. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mtoto, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa huu si mji wao, wale ambao baba zao waliletwa kuchimba na kuandika kwenye vitabu vya kampuni, waliozaliwa hapa na kubatizwa hapa. Walitolewa majumbani na kwenda kulala ku gare, yaani stesheni, kungoja treni. Wengine walingoja majuma na majuma, kwenye mvua, bila vyoo. Wenzangu wa darasani walikuwa kule. Mkewe aliugua tumbo, akafa kabla treni haijafika.

“Alikuwa anasema tu, jiko nimeizima? Papa, jiko nimeizima? Miye nasema, umeizima, lala.”

Alikunywa chai yake. Umeme uliporudi, aliinuka akajaribu waya. Nilimpa pole, na nilisema maneno ambayo mtu husema, nikiwa nimeegemea jiko lenyewe.

Mama aliugua kiangazi cha mwaka jana. Siku chache kabla ya kutuacha, mchana, alinishika mkono akaniambia nifunge mlango, ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu.

“Ile jiko,” alisema, “baba yako aliitosha, aliibeba mu nyumba ya fundi. Na brouette, yeye na mwenzake. Fundi na bibi yake balikuwa bamekwenda ku gare, na chungu ilikuwa ingali juu ya plaque. Baba yako alisema, kama haiko siye, bengine batabeba. Nikanyamaza. Bibi yake tulikuwa tunasali naye.”

Nilimuuliza kama fundi anajua. Alifumba macho, akasema yeye hakuwahi kukaa jikoni na mtu yule ili ajue.

Nilimzika mama, na ningepaswa kwenda Kakontwe kesho yake. Sikwenda. Nilikuwa na keki za watu, komunio ilikuwa inakaribia, na tanuri lilikuwa ni lile lile moja. Nasema ukweli: nilioka keki zote kwanza. Wakati huo fundi hakuwa akija tena. Macho yalikuwa yamekwisha, walisema anapapasa ukuta hata kufika chooni, na kifua kimejaa vumbi la chokaa. Kila nilipofungua tanuri niliona aibu, nikafunga mlango, nikaendelea kuoka.

Komunio ilipopita, niliona siwezi kumrudishia jiko likiwa limechakaa vile, limejaa mafuta yetu ya miaka thelathini. Nikasema nitalipendezesha. Nilimwita fundi mwingine, wa mtaa wa Kikula, mtu hodari na mwenye haraka. Alilifumua lote. Alilisugua, akalipaka rangi nyeupe, akatoa skrubu zote zilizoshika kutu na kutia mpya. Na ile sahani ya kushoto, iliyotusumbua miaka yote, aliitoa, akakunjua kwa nyundo chuma kilichoishikilia, akairudisha imenyooka kabisa. Aliweka glasi ya maji juu yake kunionyesha. Maji hayakwenda popote. Nilifurahi hata nikapiga makofi. Niliwaza, hatimaye Papa atapata jiko ambalo juu yake mayai hayakimbii.

Hata sasa nikiandika hapa, natamani kuinuka na kumpiga kofi mwanamke yule aliyekuwa akipiga makofi.

Tulilisukuma kwa mkokoteni mpaka Kakontwe, mimi na mwenye mkokoteni, asubuhi ya Jumamosi. Nilimkuta ameketi nje kwenye kigoda, kofia gotini, uso umeelekea jua. Alinitambua kwa sauti.

“Jana mulipika nini?” aliniuliza, na nilianza kulia hapo hapo.

Nilimwambia yote. Toroli la baba, ile brouette, kunyamaza kwa mama, keki zangu za komunio. Sikubakiza. Alinisikiliza akikunja na kukunjua ukingo wa kofia.

“Mwana yangu,” alisema, “nilijua siku ya kwanza. Visi tatu ya nyuma, ni miye nilizifunga.”

“Sababu gani hukusema, Papa?”

“Ningesema nini? Mama yako mujane, weye mutoto. Mulikuwa munapika. Miye nilikuwa nakuya kuiangalia.” Kisha uso wake ukafunguka, na akawa kijana kwa muda mfupi. “Umeileta? Iko wapi?”

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mkokoteni. Alianza na miguu, kama kawaida yake. Akapanda ubavuni kwa kiganja, akasita, akanusa vidole vyake. Rangi. Akazunguka nyuma mwenyewe, akishika ukingo, na nikaona kidole gumba chake kikitafuta kichwa cha skrubu. Kilizunguka juu ya msalaba. Kikaenda kwenye ya pili, msalaba. Ya tatu pia.

“Ni yenyewe?” aliuliza.

Yeye, ambaye hakuna jiko Likasi lililoweza kumficha umri wake, alikuwa ananiuliza mimi.

“Ni yenyewe, Papa. Nilimupatia fundi aitengeneze. Alinyoosha hata ile plaque.”

Niliisema kwa furaha. Mkono wake ulikuwa tayari umefika mbele, upande wa kushoto, na uliwekwa juu ya chuma kama mtu anavyomwekea mtoto mkono kujua kama ana homa. Alitafuta mteremko. Akaweka mkono wa pili juu ya wa kwanza na kutafuta tena. Nilikuwa natazama mikono ile miwili ndipo nikasikia, baada ya miaka zaidi ya ishirini, maneno ya siku ya kwanza: mama wa mukono ya kushoto. Hakuwa na picha ya mkewe. Hata kaburi hakuwa nalo, maana wa stesheni walizikwa harakaharaka na hakuna aliyeweka alama. Alikuwa na chuma kilichoinama mahali alipokandamiza, na kwa ajili ya hicho alikuwa akivuka mji mzima kuja kunywa chai yangu. Nami nilikuwa nimelipia kipigwe nyundo.

Alisikia jinsi nilivyokuwa napumua. Akanigeukia na macho yake yasiyoona, na polepole, kwa sauti ya chini ambayo nilishaisikia mara moja tu, nyumbani kwa yule mjane, akasema:

“Iko droit, iko sawa. Muzuri kabisa, mwana yangu. Umefanya muzuri.”

Nilimwomba msamaha, akasema hakuna. Nilimwambia tulishushe, akasema chumbani kwake hakuna umeme, tulirudishe mjini.

“Uendelee kupika,” alisema. “Sasa ni ya kwako.”

Tulimzika kabla ya mvua kuanza. Nilikwenda Buluo kununua mahindi ya unga wa matanga, na bukari ya waombolezaji niliisonga mimi, juu ya jiko lile.

Tangu hapo nasonga kwa mkono wa kushoto. Binti yangu anadhani nimepata kiharusi. Bukari inatoka na madonge, naungua vidole, mwiko unanitoroka, na kila siku nakandamiza upande ule kwa nguvu zangu zote. Jioni, sufuria ikishaondolewa na chuma kikapoa, naweka glasi ya maji juu ya sahani na kuinama kuitazama. Maji yanakaa sawasawa.